TAHADHARI: "Shoti shifta orijino ya Japani" inayouzwa Dar ni mkono wa gia uliokatwa na kuchomelewa

Wakuu, habari za saa hizi. Wenye Subaru za manuali, hasa Impreza na Forester, someni hapa kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anatangaza mtandaoni shoti shifta (mkono wa gia unaobadili gia kwa mwendo mfupi wa kiganja) "orijino kutoka Japani" kwa shilingi 350,000, kufungiwa bure. Anakufuata ulipo na begi lake, anafunga palepale kwenye maegesho, na ukimuuliza duka anasema liko Gerezani, Kariakoo, ila leo limefungwa. Halafu anakuwekea chambo: ukimwachia mkono wako wa zamani, anakupunguzia 50,000. Mdogo wangu akauacha, akalipa kwa simu, akapewa boksi lenye maandishi ya Kijapani.

Mkono ulimkatikia Kimara, magari yamebanana, gari ikiwa gia ya tatu. Kirungu, kile cha kushika juu ya mkono, kikabaki kiganjani na kipande cha chuma kama kidole. Bahati foleni ilikuwa inatambaa, akakanyaga klachi akajisogeza pembeni.

Gari ililetwa kwangu, nikafungua konso (kasha la katikati ya viti) mwenyewe. Mkono umekatwa katikati kwa grenda, ukatolewa kipande, kisha juu na chini vikaunganishwa kwa welding. Mshono umesagwa ukawa laini, ukapuliziwa rangi nyeusi ya kopo. Pale ulipokatika, welding ilikuwa imeshika ukingoni tu, ndani chuma hakikuwahi kugusana na tayari kilishaanza kutu. Bushi ya plastiki ya chini nayo imelegea kwa moto, maana fundi wake hakujisumbua hata kuitoa kabla ya kuchomelea. Namba ya kwenye boksi nilipoitafuta, ikaniletea plagi za injini.

Sasa mmeelewa kwa nini anautaka ule wa zamani. Ndio mzigo wa mteja anayefuata. Unamlipa na malighafi unampa wewe.

Ujanja wake unauma kwa sababu ukijaribu gari siku hiyo, gia kweli zinakuwa fupi. Mkono wa Subaru umekaa kwenye tufe: juu ya tufe unashika wewe, chini yake unasukuma fimbo inayokwenda nyuma ya giaboksi. Kiti (kit, yaani seti ya shoti shifta) ya kweli inarefusha sehemu ya chini, au inapandisha lile tufe, ili mkono ukisogea kidogo fimbo isogee kiasi kilekile. Huyu anakata juu. Kirungu kinashuka, kiganja kinasafiri kidogo, unafurahi. Ila ni kama kufungua nati za tairi kwa spana fupi, unatumia nguvu zaidi kwa kazi ileile. Kiti halali nayo inaongeza uzito kidogo, hilo kawaida, lakini chuma chake ni kizima. Huku unaongeza nguvu juu ya mshono uliochomelewa ovyo.

Dalili nyingine ni pale anaposema kiti yake "inaingia gari zote". Haiwezekani. Subaru hizi zinatumia fimbo, Altezza mkono umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, Vitz ya manuali inavuta kwa nyaya. Ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Kabla ya kulipa, dai uone mkono ukiwa nje ya gari. Ukwangue rangi kwa kisu kuanzia chini ya nyuzi za kirungu mpaka kwenye tufe. Mshono utauona kwa rangi ya chuma inayobadilika. Muuzaji wa haki atalalamika kidogo kuhusu rangi yake, tapeli ataanza kukunja begi. Dai risiti ya EFD pia, ile ya mashine ya TRA. Na mkono wako wa zamani usimwachie mtu, hata akupunguzie nusu ya bei.

Kwa kweli wengi wanaotafuta shoti shifta shida yao ni bushi zilizochoka. Mkono ukicheza kama uji, badilisha bushi za kwenye fimbo kwanza, ni hela ndogo mno ukilinganisha na hii, na wengine wakishabadilisha hawaitaki tena hiyo kiti.

Kwa aliyekwisha kufungiwa: usiendelee kuendesha ukisubiri ikatike. Toa kirungu, vua ile ngozi inayofunika mkono wa gia, mulika tochi. Ukiuona mshono, tafuta mkono wa mtumba usioguswa, kisha tunza ule mbovu, boksi na ujumbe wa malipo, uende navyo polisi na Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulika na bidhaa bandia. Namba yake ya simu itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ile aliyokuwa anatumia kwa mdogo wangu haipatikani tena, ila tangazo limerudi jana kwa jina jingine, picha zilezile, na safari hii anasema anazo za Altezza.