Mkopo wa rejesho la kila siku: hesabu ya fundi cherehani wa Makorora

Mwezi Januari, kodi ya chumba ya miezi sita na sare za watoto wawili vilinifikia ndani ya wiki moja, nikakopa shilingi 300,000 kutoka kampuni mojawapo ya zile zinazotuma vijana wa pikipiki mlango kwa mlango hapa Tanga. Jina lake nitaliacha. Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda Makorora, na watu wa hali yangu, pamoja na mama lishe na wauza samaki, ndio wateja wakubwa wa mikopo ambayo mtaani huitwa kausha damu.

Nianze na sifa yao, kwa kuwa wanastahili. Nilijaza fomu saa nne asubuhi, nikagongewa muhuri kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jirani yangu akatia saini ya udhamini, na kabla ya adhuhuri fedha ilikuwa mkononi. Saccos ingenitaka kwanza niwe mwanachama mwenye akiba, na mkopo wa halmashauri, ambao hauna riba, hutolewa kwa kikundi na husubiriwa; mwenye nyumba wangu hakuwa mtu wa kusubiri.

Sasa gharama. Katika hizo 300,000 walikata 10,000 ya fomu na 15,000 waliyoiita bima, nikapokea 275,000. Rejesho lilikuwa 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Wao huitaja riba hiyo kuwa asilimia 30, ilhali ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo wangu ingekuwa shilingi 10,500. Hata hiyo asilimia 30 inaficha jambo, kwa sababu fedha huanza kurudi kwao kesho yake: kufikia siku ya 15 nilikwisha kurudisha 195,000, na mtaji niliodhani nitakaa nao mwezi mzima ulikuwa umeniponyoka kabla kitambaa nilichonunua hakijawa nguo.

Kijana wa makusanyo alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Kila asubuhi alisimama barazani, akaniambia, "Shikamoo mama, nimefuata hesabu," kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Kasoro yake ilikuwa kalamu. Kadi yangu ilikuwa na visanduku 30 vya kutiwa saini, lakini alipokosa kalamu aliandika kwa penseli katika daftari lake na kuahidi kunijazia kesho. Siku ya 19 kadi ilionyesha malipo 17. Ofisini walikubali rejesho moja, la pili wakasema hawalioni, nikalilipa upya. Tangu siku hiyo nililipa kwa simu tu ili ujumbe ubaki, ingawa makato ya kutuma yalikuwa juu yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Muheza msibani, nikakosekana siku mbili. Niliporudi nilidaiwa 43,000: marejesho mawili yaliyopita, la siku ile, na faini ya 2,000 kwa kila siku niliyokosa. Nilikuwa na 20,000, wakaikataa. Dhamana niliyoandika katika fomu ilikuwa cherehani, basi vijana wawili wakafungua kichwa chake na kukipakia kwenye pikipiki, wakaniachia meza na pedeli. Gauni la mteja lilikuwa bado chini ya sindano, na ilibidi niwaombe wainue mguu wa cherehani nilitoe. Kumchukulia fundi cherehani yake ili apate fedha ya kulipa ni hesabu ambayo hadi leo sijaielewa. Dada yangu alinikopesha, nikakikomboa siku ya pili.

Jumla nililipa 407,000 kwa 275,000 niliyoishika, bila kuhesabu makato ya simu wala kazi za siku mbili zilizolala. Nakala ya mkataba sikupewa hadi nilipoidai baada ya kumaliza. Ndipo nikatazama kama ina namba ya leseni, ambayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe nayo. Palikuwa na nafasi yake, tupu. Orodha ya wenye leseni iko katika tovuti ya Benki Kuu, na kuipitia kungenichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kumtafuta mdhamini.

Katika nyota tano ninawapa moja, ya haraka. Kijana yule bado hupita. Juzi alisimama tena barazani, akasema, "Mama, umemaliza vizuri, sasa unastahili laki tano." Nilimjibu marahaba, nikaendelea kushona.