Fort Worth au Cheyenne: wapi uwaone wachunga ng'ombe wa Marekani?

Ukiwa na siku mbili tu, mimi nakushauri Fort Worth, Texas. Pale Stockyards, mnada wa mifugo wa zamani, wachungaji waliopanda farasi huswaga ng'ombe barabarani mara mbili kwa siku, saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Kutazama ni bure. Pembe zao ndefu zitakukumbusha ng'ombe wa Ankole. Usiondoke kabla ya kuiona sanamu ya Bill Pickett, mchunga ng'ombe Mweusi aliyebuni mtindo wa kumkamata fahali pembe na kumwangusha chini. Historia ya Weusi katika kazi hii imefichwa mno. Ukichoka na vumbi, jumba la sanaa la Kimbell halitozi kiingilio kwa mkusanyiko wake wa kudumu.

Cheyenne, Wyoming, ni mji mdogo zaidi, mwinuko wake unapita mita 1,800, na upepo hauna huruma. Uhondo wake ni tamasha la rodeo (mashindano ya ustadi wa wachunga ng'ombe) la Frontier Days, lililoanza 1897 na ambalo sasa hufanyika mwishoni mwa Julai. Wakati huo Cheyenne inaishinda Fort Worth, ila vyumba vya hoteli uviweke mapema sana.