Gel Stain ya General Finishes, rangi ya Java, kwenye stendi ya tangi la samaki

Stendi nyingi za mbao za tangi la samaki huuzwa zikiwa na rangi ya asali. Mwenye tangi akishaweka karatasi nyeusi nyuma ya kioo na mawe meusi ndani, ile njano ya chini huanza kumkera. Dawa inayotajwa sana ni Gel Stain, steini (rangi ya mbao inayoacha nyuzi zionekane) iliyo nzito kama jeli, ya General Finishes, kampuni ya Wisconsin, Marekani, na rangi inayochaguliwa zaidi ni Java, kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi. Kwa stendi ambayo tayari ina vanishi, inaishinda steini ya kawaida, iliyo nyepesi kama maji. Ila kopo hilo ni nusu ya kazi tu. Steini haizuii maji, na stendi ya tangi humwagiwa maji kila wiki.

Ubora wake uko kwenye uzito. Steini nyepesi hunywewa na mbao, na msonobari au saiprasi haunywi sawasawa: sehemu laini kati ya mistari hufyonza sana, mistari migumu hufyonza kidogo. Matokeo ni madoadoa, tena sura ya mbao hugeuka, palipokuwa peupe pakawa peusi kuliko mistari yenyewe. Juu ya vanishi ya zamani steini nyepesi haishiki kabisa, unaifuta yote na kitambaa. Jeli ni nzito kama mtindi, hukaa juu badala ya kuzama, kwa hiyo hakuna haja ya kukwangua mpaka mbao tupu. Hasara yake inatoka palepale: rangi ni ngozi nyembamba, na ndoo ikigonga kona, mbao nyeupe inachungulia.

Kabla ya kununua, fungua mlango wa stendi uchungulie ukingo wa ubao. Mbao halisi na plaiwudi hazina tabu. Vinia, yaani ngozi ya mbao halisi iliyobandikwa juu ya ubao mwingine, ni nyembamba sana, ipige msasa kwa mkono, mashine itaitoboa kabla hujashtuka. Kama ni chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, jeli haina cha kushika na itabanduka kwa kucha; hapo tumia praima ya kung'ang'ania na rangi ya kawaida. Na chipubodi iliyokwisha vimba kwa maji hairudi. Stendi ya namna hiyo haipakwi rangi, inabadilishwa.

Tangi lazima lishuke. Lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, bado kioo na changarawe, na mahali panapolowa zaidi ni ubao wa juu, chini ya tangi lenyewe. Samaki wahamishiwe kwenye beseni katika chumba kingine, na sponji ya filta ibaki ndani ya maji ili bakteria wake wasife. Pampu ya hewa isiwe chumba kimoja na kazi, maana huvuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji, pamoja na harufu yote ya tapentaini.

Matayarisho ndiyo yanayowaangusha wengi. Toa bawaba na vitasa. Chumvi na chokaa nyeupe vioshe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza na uache ikauke siku nzima. Baada ya hapo futa uso wote kwa tapentaini na kitambaa safi, ukigeuza kitambaa mara kwa mara. Adui hapa ni silikoni, iwe ya gundi ya tangi au ya polishi ya fanicha. Pakibaki hata alama yake, vanishi itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, ambavyo kwa kejeli vinafanana kabisa na macho ya samaki. Vikitokea, kuongeza mkono mwingine wa vanishi hakusaidii. Acha pakauke, piga msasa, safisha, paka mkono mwembamba wa shelaki (vanishi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti) isiyo na nta, ndipo uendelee.

Msasa namba 220 unatosha kuondoa mng'ao wa vanishi ya zamani. Penye malengelenge au palipobanduka, shuka hadi mbao kwa namba 120, kisha 150, kisha 180. Usipite 220 kwenye mbao tupu, kwa sababu inakuwa laini mno na rangi inakosa pa kushika.

Stendi ya sentimita 120 kwa 45 yenye kimo cha 75 ina kama mita 2 za mraba za kupaka kwa nje. Kopo la pinti, yaani mililita 473, linatosha mikono miwili na kubaki. Koroga mpaka chini, paka kwa kitambaa cha pamba au sponji, upande mmoja kwa wakati mmoja, kisha futa ziada mara moja kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukichelewa itaanza kunata na kila mpito wa kitambaa utaonekana. Mkono wa kwanza huwa na sura mbaya, wa michirizi, kama stendi iliyopakwa matope, usiurekebishe. Wa pili ndio unaofunika. Wa tatu unahitajika tu kama rangi ya chini ilikuwa nyeupe sana.

Kati ya mkono na mkono ni saa 24, lakini hesabu hiyo ni ya nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevu ukipita asilimia 75, panga siku 2 hadi 3. Gusa kwa kiganja: ikinata au ikiwa baridi, bado. Jeli iliyofungiwa ikiwa mbichi chini ya vanishi huvimba na kukunjamana, na hakuna njia ya mkato hapo, unakwangua yote.

Halafu kinga. Tumia polyurethane ya mafuta, vanishi ngumu inayozuia maji, mikono 3 kwa nje na 4 kwa ubao wa juu, ukiwemo ukingo wake na upande wa chini. Ile ya maji inafaa pia, ila subiri saa 72 baada ya jeli. Kati ya mikono tumia msasa namba 320, si steli wulu, pamba ya nyuzi za chuma: vipande vyake hubaki na kuota kutu chini ya ile ya maji. Mafundi wa fanicha wa Keko, Dar es Salaam, au Ngong Road, Nairobi, wakikuambia watapulizia sanding sealer (kizibo cha vinyweleo vya mbao) na laka ya NC, yaani ya nitroselulosi, wakatalie kwa kazi hii. Laka hiyo huweka ukungu mweupe maji yakikaa, na thina yake kali huinua jeli.

Minwax PolyShades, yenye rangi na vanishi kopo moja, inavutia kwa haraka yake. Tatizo ni kwamba rangi imo ndani ya vanishi, hivyo kila mahali brashi inapopita mara mbili panakuwa peusi zaidi, na kwenye milango yenye fremu huwezi kukwepa hilo. Kwa rafu ndogo, sawa.

Matambara yenye jeli usiyarundike. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yatandaze nje moja moja au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Vanishi huwa kavu kwa kugusa siku ya pili, lakini huiva kwa takriban mwezi. Tangi likirudishwa mapema fremu yake itagandia, na tangi lisilo na fremu likiwekewa povu jeupe la polystyrene juu ya vanishi mbichi, viyeyusho vinaweza kulilainisha povu hilo. Wiki 3 ni kiwango cha chini, pwani ongeza moja.

Jeli iliyobaki ihamishie kwenye kichupa kidogo kijae hadi shingoni, maana hewa ikibaki juu huiotesha ngozi. Utaihitaji kwa kona za milango, ambako ndoo na vidole hupita kila siku.