Kipimo cha pH kwa samaki wakubwa: tazama kadi ya rangi kabla hujalipa

Nilikuwa napima pH (yaani uchachu au ualkali) ya maji ya frontosa wangu, na kila nikipima kipimo kinasema 7.6. Nikaongeza poda ya kupandisha pH, nikapima: 7.6. Nikaongeza tena. Usiku wa tatu samaki wote wanne walikuwa juu wanahema. Kulipokucha dume langu kubwa, lile lenye nundu kwenye paji, lilikuwa limelala ubavu.

Maji hayakuwa 7.6. Kadi ya rangi ya kipimo kile ndiyo iliyoishia 7.6. Rangi ikishafika buluu hubaki buluu, maji yawe 8 au 9. Muuzaji alijua nafuga frontosa, samaki wa Ziwa Tanganyika ambako pH hukaa karibu na 9, na bado akanipa hicho.

pH ikipanda bila wewe kujua, inaua kwa sababu ya amonia, inayotokana na uchafu wa samaki. Samaki mkubwa anakula sana na kuchafua sana, na ukali wa amonia unategemea pH. Maji yakiwa nyuzi 25 na pH 7.6, kama asilimia 2 tu ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu kali. Kwenye 8.8 ni kama asilimia 26. Chupa ya kupimia amonia itakuonyesha rangi ileile kwa pH zote mbili, maana inapima amonia yote kwa pamoja.

Ninachonunua sasa, na ninachokushauri ununue, ni API Freshwater Master Kit. Ndani yake kuna chupa mbili za pH: moja ya 6.0 hadi 7.6, nyingine ya 7.4 hadi 8.8. Unajaza maji mililita 5 kwenye kichupa, unadondosha matone 3 ya ile ya kwanza. Ikitoka buluu iliyokolea, usiandike namba, chukua ya pili, matone 5. Hata anayefuga oscar, samaki mkubwa anayeridhika na pH 7, azitumie zote mbili. Siku niliyopima kwa ile ya pili, maji yangu yalitoka zambarau, mwisho kabisa wa kadi.

Ya pili kwangu ni Sera, chupa moja inayotoka 4.5 hadi 9.0. Inafika mbali, ila hatua zake ni pana, na mimi nataka kuona badiliko dogo kabla samaki hawajaliona.

Kalamu ya umeme ya kupimia pH naiweka ya tatu. Ni nzuri ukiirekebisha mara kwa mara, na kwa maji ya frontosa uirekebishe kwa dawa ya kurekebishia (maji ambayo pH yake inajulikana) ya 9.18, si ya 6.86 peke yake. Ncha ikikauka, inaweza kuharibika. Wengi wanaipata bila dawa hata moja.

Vijiti vya karatasi: viache. Unyevu wa Dar unaviharibu kopo likishafunguliwa.

Kinachoniudhi zaidi ni maduka yanayofungua boksi la Master Kit na kuuza chupa mojamoja, bila kadi, na ukijumlisha unalipa zaidi ya boksi zima. Ukiuliza chupa ya pH ya juu, unaambiwa "ni zilezile tu, dada." Si zilezile. Mwambie afungue boksi palepale kaunta, uzione chupa zote mbili za pH na kadi zake, ndipo utoe hela.