Kuku anajua saa, mashine yao haijui: uzoefu wangu hapa Tanga

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni haya kusema. Mashine ya kulishia kuku niliyoinunua hapa mjini, ile inayojifungua yenyewe kwa saa uliyoitegea, nilikuwa nimepania kuisifu. Sasa sijui. Mambo ya ujazo na bei waulizeni wauzaji. Mimi nina neno moja nililoambiwa dukani, na mpaka leo halijanitoka.

Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, Mikanjuni. Wiki tatu za mwanzo ilikuwa raha tupu. Saa 1 asubuhi kilango kinafunguka, saa 9 alasiri kinafunguka tena, nami niko shuleni nafundisha baiolojia roho imetulia. Jumamosi nikakaa kwenye kigoda kuwatazama. Ikifika saa 9 kasoro robo hivi, mashine haijatoa hata mlio, kuku wanaacha kuchakura, wanajisogeza mmojammoja mpaka mbele ya kilango. Adhana ya alasiri bado. Mimi mwenyewe sijainuka. Nani kawaambia?

Kisha umeme ukaanza kukatikakatika. Kumbe ukirudi, mashine inaanza kuhesabu upya kama ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi. Siku hiyo natoka kazini saa 11 inakaribia, nakuta kilango kimefungwa, banda zima linatoa ile sauti ndefu ya kulalama, na mtetea mmoja amedonolewa mgongo mpaka damu. Kuku aliyezoea kula saa fulani, akicheleweshewa, hasira humwishia mwenzake. Nilimtenga, nikampaka dawa, mikono inanitetemeka.

Nikaibeba mashine mpaka dukani. Sikwenda kugombana. Nikamwambia kijana aliyekuwepo, "Mwanangu, hii inasahau saa, kuku wangu wanaumizana." Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, kwani kuku ana saa kichwani? Ale saa 9, ale saa 11, kwake si yaleyale?" Wenzake wakacheka.

Anayo! Anayo saa kichwani, tena si moja. Ndani ya kichwa cha kuku kuna tezi ndogo ya pineali. Seli zake zikitolewa kwa kifaranga zikalelewa kwenye kisahani, gizani, zinaendelea kuongeza melatonini, homoni ya usiku, giza liingiapo na kuipunguza mchana kwa siku kadhaa, wala hazioni jua. Kwa panya saa kuu ya siku ni kifungu cha seli kama 20,000 tu, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Na hata kifungu hicho kikiharibiwa, panya anayelishwa saa ileile kila siku bado huanza kuhangaika kabla chakula hakijafika. Chakula kina saa yake nyingine. Ndiyo iliyowasogeza kuku wangu kwenye kilango, nami nikaambiwa haipo.

Tena hiyo ni saa ya siku. Kuna na ya kusubiri. Mwaka 2018 James Heys na Daniel Dombeck wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walimfundisha panya kukimbia kwenye ujia wa picha za kompyuta, asimame mlangoni sekunde 6, mlango ufunguke, akapate tuzo yake. Baadaye mlango wakaufanya usionekane. Panya akasimama palepale, akasubiri, ndipo akaondoka. Alipokuwa amesimama hivyo, seli za sehemu ya ubongo iitwayo kotesi ya entorino ziliwaka kwa zamu, moja baada ya nyingine, zikihesabu muda. Panya si kuku, najua, na sekunde 6 si saa mbili. Lakini kuku nao wamepimwa, wakaweza kukisia chakula kinachokuja baada ya dakika 6. Kwa hiyo usiniambie saa zile mbili banda langu lilikuwa halijui linasubiri. Lilijua. Mgongo wa yule mtetea ni ushahidi.

Basi mashine ni mbovu? Nilitaka kuandika hivyo, na jana ningeandika. Ila nikiwa mkweli, isingefunguka kwa dakika ileile wiki tatu mfululizo nisingeliona kundi langu likiikaribia saa 9 bila kuitwa, na lile ni jambo zuri kuliko mengi niliyowahi kuonyesha darasani. Wanafunzi wangu wawili walikuja kuangalia, mmoja akarudi siku ya pili na daftari.

Lakini kuuza mashine ya saa isiyokumbuka saa! Ningekuwa na nyota za kutoa, mashine ingepata tatu, duka lisipate hata moja. Fundi redio wa Ngamiani ameiwekea betri ndogo ndani, umeme umekatika mara mbili tangu hapo na kilango hakijakosea. Kwa hiyo ukiamua kuinunua, usiitumie kabla hujapita kwa fundi.

Yule kijana nilimwachia ujumbe kwa mwenzake: aje Mikanjuni siku yoyote apendayo, ila afike saa 9 kasoro robo. Bado hajaja.