Sanduku la jua la kuyeyushia nta: kwa masega mapya ni zuri, kwa makuukuu ni hasara

Sanduku la jua halili mkaa, haliunguzi nta, wala halitaki mtu wa kulisimamia kutwa nzima. Ni mbao, kioo juu, trei iliyoinama ndani na bakuli la kupokea nta. Fundi seremala mzuri analiweza. Tatizo ni kwamba huuzwa kana kwamba linafaa kila sega, na halifai.

Kabla ya kulipa, anza na kioo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Sanduku lisilofika hapo hulegeza masega tu bila nta kutiririka. Chukua lenye vioo viwili vilivyoachana sentimita moja au mbili, na kuta mbilimbili zilizojazwa maranda makavu. Bana kipande cha karatasi kati ya mfuniko na sanduku, kisha kivute: kikitoka bila kukaza, joto nalo litatoka hapo hapo, na nyuki wenye njaa ya asali wataingia papo hapo.

Trei iwe ya alumini au chuma cha pua. Bati la kuezekea likatae hata ukipunguziwa bei, maana zinki na chuma cha kawaida huigeuza nta rangi, na shaba huipa ukijani. Sehemu ya chini ya trei pawe na wavu wa kuzuia takataka. Bakuli liwe pana juu kuliko chini, la sivyo utalivunja ili kutoa donge. Weka humo maji ya mvua kidogo; nta huelea juu, uchafu huzama.

Masega yatandaze safu moja, usiyarundike. Yachuje asali kwanza na kuyasuuza, kwa sababu asali inayodondoka humo huwa imeungua. Haifai kuuzwa wala kurudishiwa nyuki. Geuza sanduku kulifuata jua, na machicha yakwangue yakiwa bado ya moto. Yakipoa yanaganda kwenye trei kama lami.

Sasa masega makuukuu, yale meusi yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki. Kila nyuki aliyetoka humo ameacha ganda la hariri, na maganda hayo hunywa nta kama kitambaa. Kwenye sanduku, zaidi ya nusu ya nta inaweza kubaki kwenye machicha. Masega haya yaloweke usiku kucha kwenye maji ya mvua ili maganda yashibe maji badala ya nta, yafunge kwenye kiroba, yazamishe kwa jiwe ndani ya sufuria ya maji na kuyapasha bila kutokota, huku ukikandamiza kiroba kwa mti. Maji ya kisima yenye chokaa huifanya nta iwe kama sabuni ya kijivu iliyojaa vitundu. Kijiko cha siki husaidia. Usiyeyushe nta kavu juu ya moto mtupu: haitoi mapovu ya kukuonya, huwaka tu, na ukiimwagia maji unausambaza moto. Ikiwaka, funika sufuria.

Sufuria iliyoipuliwa motoni ifunikwe kwa blanketi ipoe polepole, uchafu upate muda wa kushuka chini ya donge, ukwanguliwe kwa kisu. Hapo ndipo sanduku linapolipa gharama yake kuliko popote: vunja donge hilo, liweke juu ya kitambaa cha pamba kwenye trei, na jua litachuja mara ya pili huku likiipausha nta hadi manjano safi.

Wakati wa mawingu sanduku ni kabati tu. Masega yanayosubiri jua huliwa na nondo wa nta, kwa hiyo yale mapya yafinyange yakiwa laini yawe madonge magumu, uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.