Jeki ya pikapu: tazama kimo kabla ya tani

Dukani jeki huuzwa kwa tani. Namba huandikwa kubwa ubavuni, na mnunuzi huondoka na ile iliyozidi zote. Kwa pikapu, tani si tatizo. Gari la kabini mbili lenye kilo 2,000 likiwa tupu huweka kama kilo 600 juu ya gurudumu moja la mbele, kwa hiyo jeki ya tani 3 inatosha hata mzigo ukiwa nyuma. Kinachokwamisha watu ni kimo: jeki haipiti chini ya ekseli tairi likiisha upepo, au inapita lakini inafika mwisho na tairi bado limekanyaga chini.

Basi kabla ya kwenda dukani, toa upepo tairi moja la nyuma upime kutoka ardhini hadi chini ya bomba la ekseli. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa cha jeki iliyofungwa, yaani iliyoshushwa hadi mwisho. Kisha pima sehemu ya chesisi unayotarajia kunyanyulia mbele, uongeze sentimita 15 hadi 20, upate kimo ambacho jeki lazima ifike, kwa sababu springi hulegea na tairi hubaki chini wakati bodi inapanda. Kama gari limeinuliwa springi au limevishwa tairi kubwa, vipimo vya kitabu havikusaidii tena.

1. Jeki ya magurudumu, ya chuma, tani 3

Kwa anayetengeneza gari mwenyewe nyumbani, hii ndiyo ya kununua. Chagua inayofika sentimita 50 au zaidi. Zile fupi za magari madogo huishia karibu na 38 na kukulazimisha kupanga vipande vya mbao juu ya kichwa cha jeki, jambo ambalo halifai. Za alumini ni nyepesi, zinafaa kwa anayeibeba kila mara. Ya chuma hupita kilo 30 lakini huvumilia kuburutwa.

Watu wengi hawajui kwamba magurudumu yake yamewekwa ili yatembee wakati wa kunyanyua. Mkono wa jeki hupanda kwa mzunguko, si wima, kwa hiyo jeki lazima isogee yenyewe chini ya gari. Kwenye changarawe au udongo magurudumu huzama, jeki haisogei, na badala yake kichwa huteleza kwenye chesisi au gari lenyewe huvutwa. Sakafu ya zege ndiyo mahali pake. Kama huna, tandika ubao mnene na mpana wenye nafasi ya magurudumu kutembea.

2. Jeki ya chupa, tani 6, ya hatua mbili

Ya kukaa ndani ya gari. Nyingi za kawaida zina kimo cha sentimita 20 hivi zikiwa zimefungwa na hufika karibu 40 pamoja na skrubu ya juu. Hapa namba kubwa hudhuru: kadiri tani zinavyopanda ndivyo chupa inavyorefuka, na ya tani 20 huenda isipite kabisa chini ya ekseli. Ya hatua mbili huanzia chini na kufika juu zaidi, ndiyo maana tunaipendelea.

Udhaifu wake ni kitako chembamba. Iweke wima chini ya bomba la ekseli, kamwe si chini ya nyumba ya difu (bonge la katikati ya ekseli lenye gia za kugawia magurudumu nguvu), na jeki ikae juu ya kipande cha ubao mgumu. Ikianza kupanda kwa kusitasita, imeingiza hewa: fungua vali, piga mpini mara kumi na tano, funga, kisha jaza oili ya haidroliki. Usitie mafuta ya breki. Huvimbisha sili za mpira na jeki itavuja hadi itupwe.

3. Jeki ndefu ya reli

Ni ile inayopanda kwenye nguzo ndefu ya chuma yenye matundu. Inapendeza ikifungwa nyuma ya gari, na watu huinunua mapema mno. Kazi yake ni kunasua gari lililozama, si matengenezo. Inahitaji bampa ya chuma au sehemu maalumu ya kushikia, hunyanyua bodi kwa muda mrefu kabla tairi halijaacha ardhi, na gari likiyumba huanguka nayo. Mpini ukiuachia wakati wa kushusha unaweza kuruka na kuvunja taya. Pini zikijaa vumbi hukwama. Zioshe na kupaka oili nyepesi.

4. Puto la moshi wa ekzosi

Hujazwa moshi wa gari lenyewe. Zuri kwenye mchanga na matope, basi. Likigusa bomba la moto au ncha kali, limekwisha.

5. Jeki iliyokuja na gari

Badilisha tairi, irudishe mahali pake.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizi inayokuruhusu kuingia chini ya gari. Pesa ikiwa haba, punguza kwenye jeki ununue stendi mbili, vile viguu vya chuma vya kushikilia gari likishanyanyuliwa. Soma lebo: baadhi huandikwa uwezo wa jozi, nyingine wa moja. Pendelea zenye pini ya usalama inayopita katikati, kwani mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight iliomba wateja warudishe stendi za chapa ya Pittsburgh za tani 3 na tani 6 baada ya kubainika kwamba meno ya kishikio yangeweza kuachia ghafla.

Kabari pia hazina mbadala. Breki ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma. Ukinyanyua nyuma, imekwenda nayo hewani. Gia nayo haizuii, kwa sababu difu ya kawaida huliacha gurudumu lililo juu lizunguke na gari likasogea. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini, na legeza nati nusu mzunguko kabla ya kunyanyua.

Ukifika nyumbani na jeki mpya, nyanyua gari, weka stendi karibu bila kugusa, pima kimo, uache dakika 15 bila mtu kukaribia. Ikishuka hata sentimita moja, irudishe dukani pamoja na risiti.